Boti ndogo ya alumini ya kuvulia: chini bapa au chini V?

Boti mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu. Zote za alumini, zote za futi 14, na bei zinakaribiana. Moja chini yake ni bapa toka tezi (nyuma) hadi omo (mbele), na omo yenyewe ni pana, imekatwa mraba. Nyingine ina mkuku (uti wa katikati chini ya boti) uliochongoka na omo inayopanda juu. Muuzaji atakwambia zote mbili ni nzuri, na hatakuwa amekudanganya. Kinachoamua ni maji utakayolazimika kuyavuka siku yakichafuka. Yale unayovulia yakiwa shwari hayasemi mengi, kwa sababu kwenye maji shwari karibu boti yoyote inafaa. Mvuvi anayeshinda kwenye matete na vijito vya kina cha magoti, lakini kila jioni lazima avuke kilomita tatu za maji wazi dhidi ya upepo wa omo, anunue boti ya kuvuka hizo kilomita tatu.

Kwanza pima, usiamini jina

Wauzaji wanalitumia neno V ovyo. Boti nyingi ndogo zina V kali pale omo tu, kisha chini inazidi kulala kadiri unavyorudi nyuma, hadi tezi yake inakuwa karibu bapa kabisa. Hiyo ni V nusu, na tabia yake iko katikati ya hizo mbili.

Ipime mwenyewe. Inama nyuma ya boti, weka ubao ulionyooka ulalo wa sakafu ukigusa mkuku, kisha pima kwa rula umbali kutoka kwenye ubao hadi kona ya chini, yaani pale ubavu unapokutana na chini. Ikiwa kutoka mkuku hadi kwenye kona hiyo ni sentimita 60 kwenda upande, mwinuko wa sentimita 5 ni nyuzi 5, sentimita 10.5 ni nyuzi 10, sentimita 16 ni nyuzi 15, na sentimita 22 ni nyuzi 20. Chini ya nyuzi 5, ihesabu tezi hiyo kuwa bapa hata kama omo imechongoka namna gani. Boti ndogo yenye nyuzi 10 hadi 15 kwenye tezi ni V ya kweli. Inayozidi 18 ni V kali, na kwenye futi 14 hiyo ni nadra na ina gharama zake: inazama zaidi, inalewalewa zaidi, na inataka injini kubwa zaidi.

Pima pia upana wa chini, kona hadi kona. Hapa ndipo wengi wanapotoka njiani. Boti bapa kwa kawaida hutajwa kwa tarakimu nne: 1448 maana yake ni futi 14 kwa urefu na inchi 48 za upana wa chini, 1236 ni futi 12 kwa inchi 36. Boti ya V hutajwa kwa upana wa juu, kwenye kingo, ambao unaweza kuzidi wa chini kwa inchi 12 au zaidi. Kwa hiyo V ya "inchi 60" na bapa ya "inchi 48" huenda upana wao majini ukawa sawasawa.

Na upana una nguvu kuliko umbo. Uwezo wa boti kukataa kuinama unapoanza kuegemea upande mmoja hukua kwa upana mara upana mara upana. Boti bapa ya inchi 48 inakataa kuinama takriban mara 2.4 ya bapa ya inchi 36 yenye urefu uleule. Basi anayesema "bapa ni imara, unaweza kusimama" anasema kweli kuhusu boti pana. Bapa ya inchi 36 ni boti ya kuvulia umekaa. Ukilinganisha bapa nyembamba na V pana, V itashinda hata kwa kusimama.

Inazama kiasi gani

Chukua boti ya mita 4.3 ambayo sehemu inayokaa majini hasa ni mita 3.6, na upana wa chini ni mita 1.2. Ikiwa bapa, eneo lake ni mita za mraba 4.3, kwa hiyo kila kilo 43 unazoongeza zinaizamisha sentimita 1. Sasa jumlisha: boti kilo 110, injini 50, watu wawili 150, petroli na tangi 20, betri, nanga, maboya na vifaa vya uvuvi 70. Hizo ni kilo 400, nayo inazama sentimita 9 hivi.

V ya upana huohuo yenye mwinuko wa nyuzi 12 ina pembe ya chini yenye kina cha karibu sentimita 13, na pembe hiyo ikizama yote inabeba kilo 275 tu. Kilo 125 zilizobaki zinaishusha sentimita 3 nyingine. Jumla 16. Boti halisi zinachongoka kuelekea mbele, kwa hiyo zote mbili zitazama zaidi kidogo ya hesabu hii, lakini tofauti ya sentimita 6 au 7 itabaki palepale.

Sentimita 7 zina maana kubwa ukiwa unasukuma kwa pondo kwenye maji haba, na hazina maana yoyote injini ikiwa chini. Mguu wa injini ya nje unashuka sentimita 30 hivi chini ya boti, bapa au V. Anayenunua bapa kwa sababu ya maji haba halafu hana pondo, makasia wala injini ndogo ya umeme ya kunyanyuka, amenunua faida asiyoitumia.

Jambo jingine lisilosemwa sana ni maji yanayoingia ndani. Kwenye V, maji ya mvua na rasharasha yanakimbilia ngamani, katikati, na kopo au pampu ndogo inayamaliza. Kwenye bapa yanatandaa. Sentimita 5 za maji kwenye boti ile ya juu ni zaidi ya lita 200, yaani zaidi ya kilo 200, na uzito wote huo unakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Boti bapa yenye maji ndani inapoteza ule uimara wake wote ghafla. Kwa hiyo kwenye bapa pampu si anasa.

Mawimbi

Bapa inagonga kwa sababu bamba zima linafika majini kwa wakati mmoja. V inaingia kidogo kidogo, mkuku kwanza kisha mbavu, na pigo linagawanyika. Kwenye mawimbi mafupi ya sentimita 30, yale ya upepo wa mchana yanayofuatana karibu karibu, boti bapa ya futi 14 inalazimika kupunguza mwendo hadi iache kuteleza juu ya maji. V ya urefu huo itaendelea kwa mwendo wa wastani, abiria wakiwa wamekaa. Mawimbi yakifika nusu mita, bapa haina kazi huko nje, na V nayo iwe tayari inaelekea nyumbani.

Ukijikuta na bapa kwenye upepo wa omo, usiyakabili mawimbi uso kwa uso. Nenda kwa kubisha, ukiyakata kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, ili kona moja ya omo ikutane na maji kabla ya nyingine. Hiyo kona inafanya kazi ya V. Safari inarefuka, lakini migongo inabaki salama na ribiti pia. Sogeza uzito kidogo mbele omo iache kunyanyuka na kuanguka, ila usizidishe, maana ubavu wa omo bapa ni mfupi.

Mawimbi ya nyuma ndiyo yanayowashangaza watu. Bapa ikishuka mteremko wa wimbi, omo yake pana na fupi inaweza kulima maji ya wimbi lililo mbele na kuyachota kwa upana wake wote. Dawa ni kwenda kwa mwendo wa mawimbi yenyewe, ukikaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako, na uzito ukiwa nyuma ya katikati. V haiko salama kabisa hapo: mkuku wake wa mbele ukizama sana unashika maji, tezi inasukumwa pembeni, na boti inataka kugeuka ubavu kwa wimbi. Ukiona omo inajiendea yenyewe, ongeza mafuta kidogo omo inyanyuke, usipunguze.

Kuna kosa moja linalozamisha boti za aina zote mbili katika maji ambayo hayana hata wimbi: kufunga mafuta ghafla. Wimbi lako mwenyewe linakufikia kwa nyuma na kuingia juu ya ukuta wa tezi, hasa ule mfupi wa inchi 15. Punguza taratibu, hesabu sekunde chache, kisha simama.

Boti ikiwa imesimama, ubavu kwa mawimbi, V inakwenda mrama kwa mwendo mpana na wa polepole. Bapa inafuata uso wa wimbi kwa mikupuo mifupi na mikali. Ni suala la tumbo la mtu. Wapo wanaoumwa na moja na si nyingine. Ukisimama pembeni, V inainama mara moja kwa nyuzi kadhaa kisha inagoma, kwa sababu upande ule umeshaingia majini. Bapa haiinami, haiinami, halafu ikifika mahali kingo inapokaribia maji haikupi onyo lolote. Ndiyo maana watu wazito wawili wasiegemee upande mmoja wa bapa kuvuta samaki mmoja.

Kuhusu kelele: vijiwimbi vidogo vinapiga makofi chini ya omo bapa usiku kucha ukiwa umetia nanga. Kwenye maji haba na matulivu, samaki wanasikia. V haina hilo.

Upepo, kasia na injini ya umeme

Omo ndefu ya V inashika upepo. Ukiwa unakwenda polepole, omo inasukumwa chini ya upepo na unabaki unairekebisha kila mara. Bapa ina ubavu mfupi, haishikwi sana, lakini haina mkuku wa kushika maji, hivyo inateleza nzima nzima kwa ubavu. Bapa zenye mifereji mitatu au minne iliyonyooka chini yake ni afadhali zaidi kuliko iliyo laini. Kwa makasia, V inanyooka na bapa inasumbua. Kwa pondo kwenye magugu ni kinyume chake.

Kwa injini ya umeme, kanuni inayotumiwa na wengi ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito wote. Boti ya kilo 400 ni ratili 880 hivi, kwa hiyo kima cha chini ni ratili 18. Hicho ni kima cha maji yaliyolala. Penye upepo chukua 40 au zaidi, na kwenye V yenye omo ndefu usishuke chini ya 45. Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 ina kilo 27 hadi 30, na mahali utakapoiweka patabadilisha mkao wa boti nzima.

Injini ya petroli

Bapa inapanda juu ya maji kwa nguvu ndogo zaidi. Ina eneo kubwa la kuinuliwa, haina pembe ya kuburuta. Boti bapa ya kilo 400 inateleza vizuri kwa HP 15. V ya ukubwa uleule itateleza kwa HP 15 ikiwa na mtu mmoja na kuanza kusitasita kwa watu wawili, ndiyo maana wengi wanaifungia HP 20 au 25. Mafuta yanafuata mkondo huohuo.

Lakini bapa pia inaruhusiwa injini ndogo zaidi, na kuna sababu. Kanuni za Marekani za boti ndogo zisizo na usukani wa mbali zinazidisha urefu kwa upana wa tezi kwa futi. Kwa boti ya futi 14 yenye tezi ya futi 5, jibu ni 70. Kwa bapa yenye kona kali unachukua nusu ya 70 na kutoa 15: HP 20. Kwa maumbo mengine unazidisha 70 kwa 0.8 na kutoa 25: HP 31. Bapa ikikatwa kona kwa kasi inateleza kwa ubavu, kisha kona ya nje ikishika maji ghafla inasimama kwa mkupuo, na mtu anaruka nje. Soma kibati cha uwezo kilichopigwa kwenye boti, ndicho kinachotawala. Kama hakipo, idadi ya watu unaweza kuikadiria kwa urefu mara upana wa juu kwa futi, gawanya kwa 15: 14 mara 5 ni 70, gawanya 15, wanne. Hiyo ni siku ya maji shwari bila mizigo. Kwa uvuvi hesabu wawili, watatu wakibanana.

Pima kimo cha ukuta wa tezi kabla ya kununua injini. Inchi 15 unataka mguu mfupi, inchi 20 unataka mguu mrefu. Lile bamba pana lililo juu ya rafadha (propela) likae usawa wa chini ya boti, au sentimita 2 hivi chini yake. Likiwa juu sana, rafadha inavuta hewa kwenye kona, injini inapiga kelele na boti haisogei. Likiwa chini sana, maji yanarushwa hadi ndani na mafuta yanaliwa bure. Kwenye V pima kutoka kwenye mkuku, siyo kutoka kwenye kona ya chini.

Bati lenyewe

Boti nyepesi za ribiti hutumia bati la milimita 1.3 hadi 1.6. Za katikati ni milimita 2. Nzito za kuchomelea ni 2.5 hadi 3.2. Unene huu usiulinganishe bila kuangalia umbo. V imekunjwa, na mkunjo unaikaza, milimita 1.6 kwenye V inavumilia. Bapa ya milimita 1.6 ni ngoma: inapanda na kushuka kwa kila wimbi, na baada ya misimu kadhaa nyufa zinatokea kandokando ya mataruma, vile vipande vya ndani vinavyokaza bati. Kwa bapa itakayobeba HP 15 au zaidi, anzia milimita 2 na hesabu mataruma. Yawe karibu karibu, na yapande hadi kwenye mbavu. Aloi (michanganyiko ya alumini na metali nyingine) zinazofaa majini kwa mabati ni 5052, 5083 na 5086; 6061 ni ya vipande vilivyoshindiliwa kama mikuku na kingo. Fundi asiyejua bati lake ni aloi gani, mpite.

Ribiti au kuchomelea? Ribiti zinalegea, na zinarekebishika kwa nyundo na mtu wa pili anayeshikilia chuma upande wa pili. Kuchomelea hakulegei, lakini ufa ukitokea, unatokea pembeni mwa mshono ambapo joto limelainisha bati, na unahitaji fundi mwenye mashine ya alumini. Ikiwa uko mbali na fundi wa namna hiyo, ribiti ni chaguo la busara kuliko watu wanavyofikiri.

Kwa boti iliyotumika, kagua hivi. Pitisha kidole kwenye mistari ya ribiti: ukikuta unga mweusi uliotandaa kama moshi nyuma ya kichwa cha ribiti, hiyo inacheza. Bonyeza chini kwa nguvu kwenye mguu wa injini huku mwenzako akitazama ukuta wa tezi. Ukipinda, au maji ya rangi ya chai yakitoka kwenye matundu ya bolti, mbao iliyo ndani imeoza. Kuibadilisha ni kazi ya siku mbili au tatu, na punguzo la bei lifanane nayo. Angalia pembe zinazounganisha tezi na mbavu, na mahali benchi linapokutana na ubavu. Kama una mizani, ipime boti. Ikizidi uzito wa kiwandani kwa kilo 30 na hakuna kilichoongezwa, povu lililo chini ya mabenchi limenyonya maji. Povu hilo ndilo litakaloiweka boti juu ikijaa: lita 100 za povu kavu zinainua kilo 95 hivi. Asiyelipenda na kulitoa ili apate nafasi ya sanduku, ametoa uhai wa boti.

Halafu ijaze maji ikiwa juu ya trela. Sentimita 10 zinatosha, maana hizo peke yake ni kilo 400 kwenye bapa, na trela ikae sawa na kuegemezwa. Kwenye V utazihitaji zaidi kidogo ili maji yafike kwenye kona za chini. Subiri nusu saa, pita chini na chaki ya nta, weka alama kila tone. Ribiti tano zinazolia si tatizo. Ufa unaokimbia kutoka ribiti hadi ribiti ni tatizo.

Na trela yenyewe: V hukaa kwenye magurudumu ya mpira chini ya mkuku. Bapa inataka mbao ndefu zilizofunikwa zulia, chini ya mataruma. Bapa iliyobebwa miaka mingi kwenye magurudumu utaiona ina mashimo mepesi pale yalipogusa.

Jaribio la majini

Usinunue bila hili. Peleka mzigo wako wa kweli, au madumu ya maji ya uzito uleule, na jaribu boti zote mbili siku moja, saa moja, kama inawezekana.

1. Zikiwa zimefungwa gatini, watu wawili wakae katikati. Pima kutoka kingo hadi maji. Wote wahamie upande mmoja, pima tena. Kama kingo imebaki na chini ya sentimita 20, boti hiyo ni ndogo kwa watu hao.
2. Mmoja asogee omo na kusimama. Omo ya V ni nyembamba na itashuka. Bapa haitajali sana. Kama mtindo wako ni kurusha ukiwa omo, hapa ndipo uamuzi wako ulipo.
3. Toka gatini, ongeza mafuta hadi robo tatu, hesabu sekunde hadi boti ilale na kuteleza. Zaidi ya sekunde 8 kwa mzigo wako ni dalili ya injini ndogo au uzito uliorundikwa nyuma.
4. Ikianza kupiga magoti, omo ikipanda na kushuka kwa mdundo, rudisha mguu wa injini ndani tundu moja. Ikiendelea, hamisha tangi mbele. Ikiendelea bado, weka rula chini ya boti ukirudi, bati limebonyea.
5. Tafuta mawimbi ya boti nyingine. Yapite uso kwa uso, kwa pembe, kisha yaje kwa nyuma. Nusu mwendo tu.
6. Kata kona kushoto na kulia. Bapa itateleza, hiyo ni kawaida, isiruke. Kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mkononi au mguuni, na jaketi la kujiokolea limevaliwa.
7. Zima injini, acha upepo ukuchukue kwa dakika kumi. Angalia unavyokwenda, na kama unaweza kuvua hivyo.

Kuamua

Mito, mabwawa madogo, vijito, matete, uvuvi wa kusimama, mizigo mingi ya mitego na nyavu, injini ndogo: bapa, inchi 48 kwenda juu. Ziwa kubwa, mlango wa mto, pwani karibu, safari ndefu za kurudi na upepo wa mchana: V ya nyuzi 10 hadi 15, ubavu mrefu na tezi ya inchi 20. Ukiwa kati na kati, V nusu ni jibu la haki, ila usiichukulie kama V siku ya mawimbi. Nyuma ni bapa na itagonga kama bapa.

Bapa futi 16 dhidi ya V futi 14 ni swali jingine. Urefu unasaidia bapa kuliko unavyosaidia V, kwa sababu inavuka mabonde mawili ya mawimbi mafupi badala ya kuanguka kwenye moja. Hapo pengo linapungua, lakini halifutiki.

Ukishainunua

Wanunuzi wa bapa hukimbilia kuweka sakafu na jukwaa. Plaiwudi yenye dawa ya shaba haitakiwi kugusa alumini. Shaba na unyevu vinaitoboa bati kwa chini, mahali usipoona. Tumia plaiwudi ya majini isiyo na dawa hiyo, iliyopakwa epoksi, skrubu za chuma kisichoshika kutu na washa za plastiki katikati. Zulia lililolowa chini ya sakafu linafanya uharibifu huohuo polepole, na vivyo hivyo risasi za mshipi zilizosahauliwa ngamani. Kila sentimita unayopandisha jukwaa inapandisha na watu. Kwenye V, sakafu bapa inakaa sentimita 15 hadi 20 juu ya mkuku, kwa hiyo jukwaa la juu yake liwe fupi sana au lisiwepo.

Kwenye maji ya chumvi funga vipande vya kinga vya zinki au alumini kwenye mguu wa injini na kwenye tezi. Kwenye maji baridi, magnesiamu. Vibadilishe vikibaki nusu. Rangi ya kuzuia viumbe vya majini isiwe ya shaba.

Nanga ifungwe omo, kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina. Usiifunge tezi kwa boti yoyote kati ya hizi.

Baada ya saa chache za kwanza za injini, kaza upya bolti za tezi na vibano, kagua mistari ya ribiti karibu na benchi la nyuma, na ukifika nchi kavu fungua kizibo. Kinachotoka kikizidi ndoo moja na mvua haikunyesha, rudi kwenye zile alama za chaki.